Shajara ya mradi: nyumba 40 za kuuza na barabara iliyo mbele yake, Kisumu

Februari, wiki ya kwanza

Tumeanza. Kazi yenyewe ni nyumba 40 za kuuza, sio za kupangisha, kwa ploti ya ekari 1.2 upande wa Milimani ukiteremka kuelekea Dunga, kule ufuoni mwa ziwa. Majengo mawili, chini na ghorofa tano juu yake, kila ghorofa nyumba nne. Kila mnunuzi atapata hati ya nyumba yake, alafu ngazi, lifti, paa, tanki na uwanja vinakuwa vya wote. Mimi niko upande wa uchoraji wa majengo, ofisi yetu ni ndogo, na nimeamua kuandika kila hatua juu miradi ya aina hii inazidi kuongezeka hapa mjini na watu huonyeshwa tu ile picha ya kompyuta yenye anga ya bluu na gari nyeupe, vile maamuzi yalifikiwa hakuna mtu huonyeshwa.

Kitu ya kwanza nimefanya sio kuchora. Nimeenda nikasimama kwa hiyo barabara asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi mpaka saa mbili, nione ni nani anapita. Wengi wanapita kwa miguu wakipanda kutoka Nyalenda, kina dada wanaenda kazi za nyumba, masoja wengine wanatoka zamu wengine wanaingia, watoto wa shule wakubwa wakiwashika wadogo mkono. Boda zinapenya katikati yao. Magari ni machache lakini yanakimbia juu barabara imenyooka. Na njia ya miguu hakuna. Kuna lami, kuna ukingo wa lami umekatika katika, kuna mtaro wazi upande mmoja, alafu ukuta. Ukuta wa huyu, ukuta wa yule, mita mbili na nusu kwenda juu na waya wa stima juu yake, geti la chuma, ukuta tena. Mtu anatembea kutoka chini mpaka juu bila kivuli, na usiku akipatwa na jambo hakuna dirisha hata moja la kumwona.

Ploti yetu inapakana na hiyo barabara kwa mita 70. Mzee mwenye ploti alikuja na mchoro wake wa kuanzia, na kwa huo mchoro mita 70 zote ni ukuta na geti moja, nyuma ya ukuta ni pakingi chini ya jengo zima. Ndo maana hii shajara itakuwa ya nyumba, ndio, lakini zaidi itakuwa ya hizo mita 70.

Februari, mwisho

Mashimo ya kupima udongo yamechimbwa. Juu kuna mita moja na nusu ya ule udongo mweusi wenye kila mtu wa Kisumu anaujua, chini yake mwamba uliolegea, alafu mwamba mgumu. Udongo mweusi ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa mpaka unaweza kuingiza mkono, kwa hivo nyumba ikikaa juu yake inainuliwa na kushushwa kila msimu na hapo ndo unaona kuta zimepasuka kwa kona za madirisha. Injinia amesema msingi uende mpaka kwa mwamba, na udongo mweusi wote chini ya majengo utolewe tujaze mawe na maramu iliyoshindiliwa. Kwa hilo hatukuwa na mjadala.

Nimeomba hiyo kanuni ivuke fensi. Watu huchimba vizuri sana chini ya jengo, wakifika kwa njia ya miguu wanamwaga maramu kidogo wanalaza kabro (yale matofali ya zege ya kutandaza chini), misimu miwili ya mvua kabro zote zishakuwa mawimbi na mama mwenye kubeba mtoto mgongoni anarudi kutembea kwa lami. Tumeandika kwa michoro kabisa, sentimita 60 za udongo mweusi zitolewe chini ya njia ya miguu pia. Mkadiriaji wa gharama hakufurahi lakini ameiingiza.

Machi, mvua imeanza

Mvua ya hapa haina haja ya kuambiwa, asubuhi jua kali, mchana upepo unatoka ziwani, jioni mawingu yamejikusanya upande wa milima ya Nandi na inashuka yote kwa saa moja. Nilikuwa saiti siku moja ikinyesha na mzee mmoja jirani, ameishi hapo miaka mingi, akanionyesha kwa fimbo kona ya juu ya ploti. Akaniambia, "Nyathina (mwanangu), maji hayatoki kwenu, maji yanatoka juu kwa ile barabara ingine, yanakata hapa, yanapitia kwenu kabla hayajaenda Dunga. Mkijenga ukuta hapa mtayatuma kwangu."

Na ni kweli. Surveya alikuwa ameweka mistari ya mteremko lakini mistari haikuambii maji yanakuja na nguvu gani. Tumebadilisha mpango wa maji wote kutokana na hayo maneno ya mzee. Mtaro wa kona ya juu utapanuliwa na kufunikwa, na maji ya barabara ya juu yatapita pembeni mwa ploti kwa njia yake hayataingia kwa uwanja wetu wala kwa mzee.

Kuna maji yetu pia. Paa za majengo yote mawili pamoja ni kama mita 900 za mraba. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivo ile mvua ya jioni moja ya milimita 40 inatupatia lita 36,000 kwa paa peke yake. Huwezi kufungulia hiyo yote kwa mtaro wa barabara uliojengwa enzi ambazo hapa kulikuwa na nyumba moja na bustani kubwa. Tunaweka tanki la chini la lita 60,000, maji yake ya choo, ya kuosha magari na ya miti. Likijaa, yanayomwagika yanaenda kwa vitanda vya maua vilivyo chini kidogo ya usawa wa njia ya miguu, vimejazwa kokoto na mchanga chini, yanazama polepole na ya ziada yanatoka kwa mtaro.

Dada anayeshughulika na mauzo, ni binti wa mzee mwenye ploti, aliuliza swali zuri sana, je, si hivyo vitanda vitazaa mbu. Hapa ni kanda ya ziwa na malaria iko, hilo sio swali la kupuuza. Jibu ni kwamba kiluwiluwi wa mbu anahitaji kama wiki moja majini kabla awe mbu kamili, na vitanda tumevipimia vikauke ndani ya siku mbili. Kama udongo utakataa, na huu wetu unaweza kukataa, kuna bomba lenye matundu chini kabisa la kuyatoa kwa nguvu. Mtaro wazi wenye taka ulioko saa hii ndo unazaa mbu.

Injinia naye ameongeza jambo la ziwa lenyewe. Mei 2020 ziwa lilipanda likavuka rekodi ya 1964 na watu wa Dunga walihama. Ploti yetu iko juu, haifikiwi, lakini mtaro wetu mwisho wake ni huko chini na ziwa likipanda mdomo wa mtaro unazibwa, maji yanarudi nyuma. Ndo sababu nyingine ya kutaka maji yakae kwetu kwanza yasikimbie yote mara moja.

Machi tena, jua na upepo

Hapa nimekaa sana na naona niandike kwa urefu juu ndo roho ya zile nyumba.

Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, kusini kidogo tu. Jua la saa sita linapita utosini Machi na Septemba, Juni linaegemea kaskazini, Disemba kusini, na hata likiegemea kabisa bado liko juu sana. Maana yake ukuta wa kaskazini na wa kusini ni rahisi kuukinga, dirisha la kimo cha mita 1.5 linafunikwa lote saa sita mchana kwa kofia ya zege, lile bamba linalotokeza juu ya dirisha, ya sentimita 65 tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndo shida, jua la asubuhi na la jioni linakuja limelala, hakuna kofia italizuia. Chumba cha kulala chenye dirisha kubwa la magharibi hapa Kisumu, saa tatu usiku ukuta bado unapumua joto, watu wananunua feni, baadaye wananunua eyakondishena, na bili ya stima inakuwa mzigo wa kila mwezi kwa kosa la mchoro.

Kwa hivo majengo mawili yamelazwa mashariki kwenda magharibi, sambamba, na nafasi ya mita 16 katikati. Madirisha yote makubwa yanaangalia kaskazini na kusini. Upepo wa ziwa wa mchana unaingia kutoka kusini-magharibi, unagonga uso wa kusini kwa pembe, unaingia kwa sebule. Sasa upepo hauingii kwa nyumba kama hauna pa kutokea, hii ndo kitu nyumba nyingi za ghorofa zinakosa, korido ya giza katikati na nyumba pande zote mbili, kila nyumba ina pumzi upande mmoja. Yetu korido iko nje, upande mmoja, wazi, na kila nyumba inapitisha hewa kutoka mbele mpaka nyuma. Nyavu za mbu ziko kwa kila dirisha kutoka kwa mchoro, sio kitu ya mwenye nyumba kujitafutia, na kwa sababu wavu unapunguza upepo tumeongeza upana wa madirisha kiasi.

Gharama ya korido ya nje ni kwamba watu wanapita mbele ya dirisha la jirani. Tumeweka jikoni na bafu upande huo, na korido imesogezwa mbali na ukuta kidogo, kuna nafasi ya wazi katikati inayoteremsha mwanga na hewa mpaka chini, unaingia kwako kwa kidaraja kifupi. Nimependa sana hapo.

Lakini sasa ona tatizo lililozaliwa. Barabara iko upande wa magharibi wa ploti. Ukilaza majengo vizuri kwa jua, barabara inaangaliwa na ncha za majengo, zile kuta fupi zisizo na madirisha. Yani hesabu ya joto inataka nyumba zigeuzie barabara kisogo, na mimi nimesema mita 70 zisiwe kisogo.

Aprili, pakingi

Kabla ya kutatua hilo ilibidi tumalize ya magari. Mchoro wa mzee ulikuwa na gari mbili kwa kila nyumba, magari 80. Gari moja lililosimama linahitaji mita 12.5 za mraba, lakini ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuka inafika kama 25. Magari 80 ni mita 2,000 za mraba, hiyo ni karibu nusu ekari kwa ploti ya ekari 1.2. Nilimwekea mzee hesabu mezani na ramani ya rangi, sehemu nyekundu ni magari, sehemu ya kijani ni watoto, na kijani ilikuwa kama leso.

Tumekubaliana 48. Moja kwa kila nyumba na nane za wageni, zingine chini ya majengo upande wa nyuma, zingine uwanjani chini ya miti. Mita 800 zimerudi kwa watu. Na magari yote yako mashariki, nyuma, hakuna gari limesimama kati ya jengo na barabara. Kuna mahali pa baiskeli na pikipiki penye paa karibu na geti, na ng'ambo ya geti sehemu ya tuktuk na boda kusimama bila kuziba njia ya miguu. Mwenye kuja na boda ni mgeni kama mwenye kuja na Prado.

Mei, ukuta

Haya. Hii imekuwa kazi ya mwezi mzima.

Mzee hakuwa mkaidi, hofu yake ni ya kweli na niliiheshimu. Alisema, "Kijana wangu, mtu ananunua nyumba ya pesa nyingi hivi, kitu ya kwanza anauliza ni usalama. Usiponionyesha ukuta siuzi." Binti yake pia alisema wanunuzi wa ng'ambo, wale wananunua kupitia simu, wanaomba picha ya geti kabla ya picha ya jikoni.

Nilichomwambia ni hivi. Ukuta wa mawe unamzuia mtu asiyejua kupanda. Anayejua akishauvuka, huo ukuta unamfanyia kazi yeye, hakuna mpita njia anayemwona, anafanya kazi yake kwa utulivu. Kinachomwogopesha mwizi ni kuonwa. Barabara yenye duka wazi mpaka saa tatu usiku, soja anayeona pande zote mbili, taa, na watu wa juu wanaokaa balkoni, hiyo ni barabara ambayo mtu akisimama bila sababu anaulizwa. Usalama wa nyumba unaanza nje, sio kwa geti.

Maneno peke yake hayakutosha. Tukaenda mjini na yeye, tukatembea Oginga Odinga Street, zile njia za miguu zilizojengwa katikati ya mji wakati wa matayarisho ya Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022. Nilibeba futi. Tulipima upana, tukaangalia watu wanakaa wapi, nani anauza nini, ni wapi gari limepanda juu na kwa nini. Tukapita pia kwa maduka ya zamani, yale yenye baraza la mbele lenye paa, unatembea mvua ikinyesha na hulowi. Mzee akasimama chini ya baraza moja akaniambia hapa ndo mama yake alikuwa anamleta kununua yunifomu. Akauliza, hili baraza lilikuwa la nani, la mwenye duka ama la mji. Nikamwambia la mwenye duka, lakini anayetembea ni mji. Akanyamaza kidogo akasema, "Nichoree."

Nilichochora ndo hiki kimebaki mpaka leo. Mbele ya ncha za majengo mawili, sakafu ya chini, kuna baraza refu lenye paa, upana wa mita 2.5, linafuata barabara. Nyuma yake vyumba vidogo: maduka sita ya upana wa mita nne, chumba cha dobi, ukumbi mdogo wa mikutano ya wenye nyumba ambao pia unaweza kukodishwa kwa harusi ndogo na matanga, na chumba cha soja chenye dirisha la barabarani na la uwanjani. Jua la magharibi linapiga baraza, sio nyumba. Juu yake, nyumba za pembeni kila ghorofa zimepewa balkoni ya kona inayoangalia barabara, imekingwa na matofali ya matundu upande wa jua la jioni, mtu anaona nje lakini jua linakatwa vipande. Yani nyumba hazijageuza kisogo tena, zinaangalia kwa jicho la pembeni.

Katikati ya majengo ambapo hakuna baraza kuna fensi ya vyuma, kimo cha mita 2.1, juu ya ukuta mfupi wa kukalia wa sentimita 45. Inaonekana ndani, inaonekana nje. Mzee ameweka sharti moja, kuta za pande tatu zinazopakana na majirani zibaki za mawe, na mimi sina neno na hilo, majirani wenyewe wanazitaka.

Kwa sababu eneo ni la makazi, maduka yanahitaji ombi la kubadilisha matumizi ya ile sehemu ya ardhi, faili imeingia kaunti pamoja na michoro. Barua ya mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu kimo tulikuwa tumeishaomba, ni kawaida ukijenga mji wenye uwanja wa ndege karibu.

Mei, mwisho: mkutano na majirani

Ilifanywa kwa ajili ya ripoti ya NEMA, mamlaka ya mazingira, lakini imetufaa zaidi ya ripoti. Mzee jirani alirudia ya maji mbele ya watu wote na safari hii tulimwonyesha mtaro wake kwa karatasi. Mwingine aliuliza kuhusu maji taka, kama bomba la barabarani litabeba nyumba 40, injinia akajibu kwa hesabu na kuahidi kipande cha mita kadhaa kubadilishwa kwa gharama ya mradi.

Alafu akaongea mama anayeuza mboga na omena kwa kona, chini ya mti wa ober. Hakuuliza mengi. Alisema tu, "Mimi najua mkianza nitaambiwa niondoke, nataka kujua lini, nisije nikaleta mzigo wa siku hiyo." Watu walinyamaza.

Geti la magari lilikuwa limechorwa pale pale kwa mti. Limehamishwa upande wa pili wa ploti. Mti unabaki, na chini ya kivuli chake hakuna kuchimba kwa mashine, mizizi yake iko pale. Kona imekuwa sehemu ya mradi, sakafu ya kabro zenye nafasi za kupitisha maji, bomba moja, shimo la maji machafu lenye wavu, taa, na meza mbili za zege za kuuzia. Mama atahama miezi ya ujenzi kwenda ng'ambo ya barabara, mradi unamjengea kibanda cha muda, na hilo tumeliandika kwa mkataba wa kontrakta, halijaachwa liwe ahadi ya mdomo. Barabara ikishakuwa na nyumba 40 juu yake, mama mwenye sukuma na omena kwa kona ni huduma ile ile mtu angeendea soko la Kibuye.

Juni, barabara yenyewe

Akiba ya barabara, yani upana wote wa ardhi uliotengewa barabara, ni mita 12. Ni ya umma, kwa hivo kila kitu hapa ni kwa idhini na kikimalizika kinakuwa cha umma. Tulichopendekeza: mita 5.5 za lami katikati, pande zote mbili kitanda cha miti na maji cha mita 1.25, pande zote mbili njia ya miguu ya mita 2 safi, yani bila nguzo ya stima wala kibao ndani yake. Ukijumlisha ni 12 kamili. Saa hii mradi unalipia upande wetu na lami, upande wa pili mchoro uko tayari.

Nimebishana sana na watu kuhusu mita 5.5, wengi wanataka 7 ndo "magari yapite vizuri". Magari yakipita vizuri sana yanapita kwa kasi, na hii ni barabara ya watoto wa shule. Mtu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko la 50. Tunataka 30, na kibao peke yake hakipunguzi mguu wa dereva, upana wa barabara ndo unapunguza. Kona za makutano pia zimekazwa ili gari lipunguze mwendo likikata.

Kitu ndogo lakini mimi naiona kubwa: pale geti la magari linapokata njia ya miguu, njia ya miguu haishuki. Inaendelea usawa ule ule, kabro zile zile, sentimita 15 juu ya lami, na gari ndo linapanda mteremko kuingia. Angalia barabara nyingi zetu, kila geti mtu anashuka, anapanda, anashuka tena, mwenye kiti cha magurudumu anabaki kwa lami. Hapa anayesubiri ni mwenye gari.

Miti tumechagua siala, ni wa hapa hapa, unanyooka hauvurugi sana, una maua ya njano, unakaa kila mita nane. Taa ni za rangi ya joto na zimefunikwa juu ziangaze chini tu, kwanza kwa sababu haziingii vyumbani mwa watu, pili wadudu wa ziwa hawazifuati sana kama zile nyeupe.

Julai, hati na mambo ya pamoja

Wakili amekaa na sisi karibu siku nzima. Sheria ya Sectional Properties ya 2020, iliyoanza kutumika Disemba 28 mwaka huo na kufuta ile ya 1987, imebadilisha vile nyumba za namna hii zinauzwa. Zamani mnunuzi alikuwa anapewa lizi ndefu na kampuni ya usimamizi inabaki na ardhi. Sasa mpango wa vitengo, yani mchoro unaoonyesha kila nyumba na mipaka yake, unasajiliwa, kila nyumba inapata hati yake, na wenye nyumba wote kwa pamoja wanakuwa shirika lenye mali ya pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Kwangu mimi mchoraji maana yake ni kwamba kila mstari nikiuchora unaamua kitu ni cha nani. Je, baraza ni la mwenye duka ama la wote? Tumeliweka la wote, na kwa kanuni za shirika tumependekeza lisizibwe kwa grili wala bidhaa, mita 1.8 za kupita zibaki wazi. Maduka mawili kati ya sita pia ni mali ya pamoja, kodi yake inaenda kwa matengenezo ya lifti, pampu na ile njia ya miguu. Nyumba nyingi nzuri hufa miaka kumi baadaye juu hakuna pesa ya pampu.

Kitu ingine tumerekebisha ni jikoni. Kila nyumba ina kibaraza cha nyuma kando ya jikoni, mita 1.5 kwa 3, chenye sinki na kamba za nguo nyuma ya matofali ya matundu. Samaki anakaangwa huko, nguo zinaanikwa huko, upepo unatoa harufu nje sio sebuleni. Katalogi za nyumba za kisasa hazina hicho chumba na ndo maana unaona blanketi zinaning'inia kwa balkoni ya mbele ya nyumba ya bei kubwa. Watu wanaishi vile wanaishi, mchoro ndo unafaa kujua.

Agosti

Idhini zote zimekamilika, ile ya maduka imekuja na sharti kwamba yafungwe saa tatu usiku, ni sawa kabisa. Kibao cha NCA, mamlaka ya ujenzi, kimewekwa saiti na uchimbaji umeanza upande wa mashariki. Mti wa ober umezungushiwa uzio wa mbao na kontrakta ameambiwa asirundike mchanga chini yake. Mama wa omena yuko ng'ambo, kibanda chake kina mabati mapya, asubuhi wafanyakazi wa saiti ndo wateja wake wakubwa.

Tumejenga kipande cha mfano cha njia ya miguu, mita sita, kwa kipimo kamili, pamoja na kitanda cha mti na ukuta wa kukalia. Kimepitia mvua mbili nzito. Kitanda kilijaa na kukauka ndani ya siku iliyofuata. Ukuta wa kukalia ulikuwa umeshapata wenyewe kabla simenti haijamaliza kukomaa, watoto wa shule wanaupumzikia wakirudi saa tisa, kwa hivo tumeamua ukingo wake wa juu upakwe tarazo laini badala ya zege la kawaida.

Mwenye ploti ya tatu kutoka kwetu, anayepanga kujenga pia, amekuja kuomba ule mchoro wa mita 12 ili aendeleze njia mbele ya kwake. Tumempa. Lakini kati yetu na yeye kuna ploti ya jirani ambaye geti lake liko chini ya usawa wetu kwa sentimita 22, na njia ikiendelea ilivyo maji yataingia kwake. Jumatatu tunaenda na injinia na mzee jirani kupima hapo, tuone kama mteremko unaweza kuanzia mbali kidogo, kwa mita nane ama kumi, bila kupita moja kwa kumi na mbili, yani kushuka sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za kwenda mbele.